Nimemwambia Mama Kulwa Asante

Kibiti, Jumatano. Mawingu yametanda tangu alfajiri na mvua yenyewe hainyeshi. Hali kama hii mgongo wangu hauipendi kabisa. Unaanza kuuma kiunoni, unashuka pajani, ukifika kwenye unyayo wa kushoto panakufa ganzi.

Shajara yangu, mwenzio naogopa.

Naogopa mpaka najifungia bafuni, na mume wangu anauliza mlangoni, "Mama Zai, uko salama?" Nami najibu niko salama.

Daktari wa Dar hakunificha. Kitu kilichopo kati ya pingili za mgongo kimetoka mahali pake, kimeubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Vidonge nimemeza, mazoezi nimefanya, sindano nimechomwa. Kilichobaki ni kisu, na nisichelewe, kwa sababu mguu unazidi kulegea. Nikamwuliza kama nitatembea. Akasema wengi wanatembea vizuri tu. Wengi! Jamani, wengi siyo wote.

Na hapa Kibiti kila mtu ana ndugu yake aliyepasuliwa mgongo asiinuke tena. Hata muuza vitumbua ana shemeji yake Ikwiriri. Mama yangu akapiga simu kutoka Mahege: "Mgongo hauguswi, mwanangu. Mgongo ndio mtu." Baba Zai naye, mwanaume mzima, akaniambia, "Utakaloamua wewe." Nilimchukia siku ile. Nilitaka aniamulie yeye, ili mambo yakiharibika niwe na wa kumlaumu.

Ndipo nikamwita Mama Kulwa, jirani yetu, mtu mzima aliyezaa pacha. Wa huku mnajua. Mgongo ukiuma, anatafutwa mama aliyezaa pacha, unalala kifudifudi, anakukanyaga asubuhi tatu kabla jua halijapanda. Na dawa haishukuriwi. Ukisema asante tu, umeivunja.

Mimi, mwalimu wa sayansi, ninayewachorea watoto uti wa mgongo ubaoni, nikajilaza mkekani. Chekeni tu. Juzi alipomaliza, wallahi nilihisi nafuu. Nikamwambia Baba Zai, Dar siendi.

Jana akanikanyaga mara ya pili. Mchana nikaenda sokoni kununua nazi na samaki. Niliporudi nikaona madoa mekundu kwenye sakafu ya jikoni, nikadhani nyanya imepasuka kapuni. Nikageuka. Yametoka mlangoni, yananifuata mimi. Kandambili ya kushoto haipo mguuni. Imenivuka njiani, sijui wapi, nimetembea mguu mtupu na kipande cha chupa kimezama kwenye unyayo, huku kichwani nawaza mchuzi.

Sikusikia maumivu hata chembe.

Baba Zai ndiye aliyekichomoa. Nilikuwa namtazama kama anamtibu mtu mwingine. Alipomaliza kunifunga kitambaa hakuuachia mguu, aliupakata hivyo hivyo, machozi yamemlenga. Kumbe naye anaogopa! Kumbe lile "utakaloamua wewe" lilikuwa woga uliovaa kanzu ya heshima. Nami nikaelewa kwamba ninakikimbia kisu kisije kikaniondolea mguu, na mguu wenyewe umeshaanza kuondoka.

Leo asubuhi Mama Kulwa akafika kama kawaida. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akavua viatu mlangoni, akajifunga kanga kiunoni.

"Haya mwanangu, leo tunamaliza. Lala."

Mkeka nilikuwa nimeutandika. Kumkatalia mtu mzima aliyeacha usingizi wake kwa ajili yako ni kazi, nyie! Nikamshika mikono yote miwili.

"Asante, Mama Kulwa."

Akanitazama. Neno lile, kwenye dawa, hakuna anayelisema kwa bahati mbaya. Niliona limemwuma. Kisha akainama, akaukunja mkeka mwenyewe, akausimamisha ukutani.

"Unakwenda kwenye kisu?"

"Nakwenda, mama. Jumamosi tunapanda basi."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Hata mimi nakuogopea," akasema, akavaa viatu vyake. "Zai atalala kwangu mpaka mrudi."

Alipotoka nikalia, tena kwa sauti. Woga haujapungua hata kidogo. Nilidhani ukishaamua moyo unatulia, kumbe wapi.

Begi liko wazi kitandani. Nimeweka kanga, msala wa kuswalia na kandambili mpya nilizoletewa na Baba Zai. Ya kulia nimeitupia ndani bila kuiangalia. Ya kushoto bado ninayo mkononi tangu nianze kuandika haya, na swali ni moja tu: siku nitakapoivaa, nitaisikia mguuni?