Jina Chini ya Kwato

Alhamisi, 10 Juni 1976

Nimetoka kanisani na hasira. Yule afisa utamaduni mpya, Hilali, amelichukua lile ganda la shaba la risasi ya mzinga, la baba. Eti maonyesho ya Saba Saba, Kigoma. Sawa, alichukue. Miaka arobaini limekaa altareni na maua ndani, acha watu walione. Lakini kile kikaratasi alichokibandika! "Kazi ya askari wa Kibelgiji, Tabora, 1916."

Nikamwambia kwamba ng'ombe wa pembe ndefu kwenye ganda lile kachongwa na baba yangu, Ntirampeba, aliyekuwa mpagazi wa Wabelgiji walipopigana na Wajerumani. Akatabasamu. Wapagazi walikuwa wanabeba tu, mama mwalimu, anasema.

Wanabeba tu!

Ijumaa, 11 Juni

Nimemsimulia baba. Macho yamekufa, masikio bado. Anasema kwenye vita vya Tabora hakuwapo. Walimkamata kubeba mizigo mwaka uliofuata, mpaka Mahenge. Huko ndiko alikookota ganda, akalijaza mchanga lisibonyee, akachonga kwa msumari, nukta kwa nukta, kama alivyomwona baba yake mhunzi akipamba visu. Mpishi wa Wabelgiji akamwandikia jina mavumbini, naye akalinakili chini ya kwato za ng'ombe.

"Mwana wanje, mwanangu, waambie watazame kwatoni."

Kesho nakwenda.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekwenda. Nikalipindua ganda mbele ya Hilali. Kitakoni, palipobaki peusi kwa kutoguswa, kuna mhuri wa kiwandani: 1917. Nikamuuliza, ganda lililotengenezwa 1917 lilifikaje Tabora 1916? Akainama kuusoma mwenyewe. Raha niliyoipata!

Kisha akauliza jina liko wapi.

Kwatoni hamna kitu. Laini kabisa. Nikaweka karatasi, nikapitisha penseli. Pembe zikatokea, mgongo ukatokea nusu. Chini yake weusi mtupu wa penseli. Hilali akafuta Tabora, akaandika Mahenge 1917, na mstari wa pili: "Mchongaji hajulikani." Nikakunja karatasi yangu, nikaondoka.

Maana aliyelifuta jina ni mimi. Tangu nina miaka minane mpaka naolewa, kila Jumamosi: majivu, ndimu, mchanga wa mtoni. Katekista Venanti alitupanga mstari wasichana, kila mmoja na chombo chake, na atakayeng'arisha zaidi ndiye abebe maua kesho yake. Nilibeba mimi karibu kila Jumapili. Na pale chini ndipo nilipokaza mkono, kwa sababu vile vinukta vilishika uchafu. Nilipoanza sikujua kusoma. Nilipojua, hapakuwa tena na cha kusoma.

Venanti alishafariki, namkasirikia hata hivyo. Nani alimwambia Mungu anataka shaba ing'ae?

Jumatatu, 14 Juni

Baba: wamelisoma? Nikasema bado. Akauliza tena mchana. Nikamfokea, nikasema uji unapoa. Mzee wa watu. Nimejichukia siku nzima.

Jumatano, 16 Juni

Leo hakuuliza. Afadhali angeuliza.

Alhamisi, 17 Juni

Landrova ya kwenda Kigoma inaondoka saa nne. Asubuhi nilikwenda kusimama mlangoni kwa Hilali mpaka akanipa ganda, nimpelekee mzee aliage. Amenifuata, yuko nje garini.

Baba amelipapasa. Pembe akazitambua, akacheka kidogo. Kisha kidole gumba kikashuka kwatoni. Kikazunguka. Kikarudi.

"Hapa palikuwa na jina. Nani kapasugua hivi?"

"Mimi, baba. Nilipokuwa mdogo. Kanisani."

Akapapasa tena palepale. Halafu: "Ulikuwa unasugua vizuri."

Heri angenipiga.

Sasa anataka msumari, na jiwe la kugongea. Na mchanga, anasema, jaza mpaka juu, ushindilie. Najua itakavyokuwa. Alama mpya itang'aa kuliko zote, Hilali ataiona kabla hajawasha gari, atasema tumeghushi, na labda ng'ombe mzima atasema wa juzi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kupima tarehe. Angekuwa mtu mwingine ningemcheka.

Nimejaza mchanga. Nimeshindilia.

Naandika nimeegemea mlango ili usifunguliwe. Honi. Baba ameweka ganda mapajani, anatafuta kwato kwa kidole, anagonga polepole, herufi zilezile za mavumbini. Hajasahau hata moja. Herufi kumi. Amemaliza N, yuko kwenye T.

Honi tena. Asubiri.