Njiwa Wale Hukuwachora Wewe

Atieno, nyathina, mwanangu,

Nimekasirika, na kama kawaida wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Tangu tukuzike bado nachemka.

Baba yako mdogo ndiye alisimamia kamati ya mazishi, na ndiye aliagiza bango lako. Yawa! Mawingu. Njiwa wawili. Waridi, mishumaa, maandishi ya dhahabu, na chini majina ya wajomba na mabinamu, hata wale hamkuwahi kusalimiana. Uso wako umebanwa katikati kama unaomba njia. Wewe! Msichana aliyetengeneza bango moja kwa simu yake kila jioni, kazi iwepo isiwepo, anazikwa na takataka kama ile!

Nisidanganye, mabango yako ya kwanza pia yalikuwa na moto na dhahabu. Uliiga yale ya mikutano ya injili. Nilisema ni mazuri kwa sababu mimi ni mama yako. Lakini kila siku ukawa unaondoa kitu. Leo moto, kesho dhahabu. Halafu ukanitengenezea lile la kibanda changu cha samaki: njano tupu, na mbuta mmoja mdogo pembeni. Nilikufokea. "Wateja watafikiri samaki wameisha!" Ukacheka, ukasema, "Mama, acha wamtafute."

Na walimtafuta! Kuanzia hapo Mbita nzima ikiona njano ile inasema, "Huu ni mkono wa Atieno." Hukuhitaji kuandika jina. Nani mwingine hapa amezaa mtoto kama huyo? Wamtaje.

Ndiyo maana nililing'oa lile bango siku ya mazishi, mbele ya wageni. Shemeji huyo akanguruma, "Min Atieno, mama mzima unaaibisha boma!" Nikamwambia aibu ililetwa na njiwa. Saa hii limeziba tundu la banda la kuku. Walale pamoja, wasikilizane.

Sasa anapanga ibada ya kukukumbuka, na anataka kuchapisha lingine kama lile. Mimi nimetoa lako kwa simu yako: lile ulijichora ukiwa umegeuza mgongo, beseni kichwani, unateremka ziwani, njano kila mahali. Anasema bango la marehemu lazima lionyeshe uso. Kwani nani hapa hajui mgongo wa Atieno?

Na wewe pia nimekukasirikia. Uliugua kidogo tu, ukaniacha nigombane na hawa watu peke yangu. Si ungengoja? Ungengoja, mama.

Haya. Nakuahidi, siku hiyo litasimama lako, bila neno la kuongezwa, hata langu. Shemeji akitaka jina lake lionekane, asimame kando alitaje kwa mdomo wake.

Lala, nyathina. Mimi nimevaa viatu, naenda kwake kumwambia.

Mama yako