Tovuti ya Baba Mkubwa

Jumatatu, 3 Juni

Mashuka asubuhi. Tovuti mchana. Mashuka tena jioni, maana jua la Juni halikaushi kitu.

Baba Mkubwa kaniita ofisini tuiangalie tovuti ya gesti, kama kila Jumatatu. Kaondoa kile kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, kakikunja vizuri, kawasha, kangoja. "Unaona? Inapendeza." Inapendeza kweli. Kushoto salamu, katikati ziwa, kulia vyumba. Niliitengeneza mwenyewe, najua.

Lakini nani anatafuta gesti ya Lipingo kwa kompyuta ya mezani? Watu wana simu mkononi. Nikafungua kwenye simu yangu. Salamu. Nikasukuma kwa kidole gumba. Salamu. Kwenye simu kila kilichokuwa kushoto kinapanda juu, na kilichopanda juu ni itifaki nzima ya siku ya ufunguzi: Mwenyezi Mungu, Padre, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wa ukoo mmoja mmoja na vyeo vyao, wajomba, mashemeji wa Chiwanda. Mpaka uje uone kitanda umeshachoka. Namba ya simu iko chini kabisa, ndogo kama mayai ya chawa.

Baba Mkubwa ana kitochi, simu ya vibonyezo isiyofungua tovuti. Nikimwonyesha kwenye simu yangu anasema simu yangu mbovu.

Anjela, niliyesoma naye chuo, ameniwekea nafasi Dodoma kwenye ofisi yao ya kutengeneza tovuti. Mpaka mwisho wa mwezi, basi. Baba Mkubwa ametamka, Mama Mkubwa kasikia: tovuti ikianza kuleta wageni yenyewe, niende na baraka zake. Isipoleta, siendi. Na kutoroka siwezi. Baba alipofariki, huyu ndiye aliyenivalisha sare ya shule. Mtu wa namna hiyo humtoroki. Unamwomba ruhusa.

Jumatano, 5 Juni

Vyumba vitupu. Yupo afisa mifugo tu, na huyo haondoki.

Kahawa imeanza kuchumwa huko juu Mbinga. Msimu huu ndipo watu wanaposhuka ziwani kupumzika. Wanapita hapa barabarani na magari yao, vioo vimefungwa, wanakwenda kulala kwingine. Nawaangalia wakipita. Nimeudhika.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda Mbinga kununua sabuni na balbu. Baridi imenikuta na kiblauzi, mjinga mimi.

Stendi nikakutana na Mwalimu Ndunguru wa shule ya Ruanda, hukohuko Mbinga. Mwaka jana alileta walimu wenzake kwetu, wakala samaki wakaimba mpaka wakakauka sauti. Nikamwamkia. Nikamuuliza mwaka huu vipi, mbona kimya. Akacheka kwa haya.

"Nilifungua tovuti yenu, mwanangu. Nikajiona kama nimeingia kwenye harusi ya watu. Nikasalimiwa, nikasalimiwa, mpaka bando likakata."

Wameshalipia kwingine. Nikacheka naye, ningefanyaje. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda cha mama wa chai nikalia. Mama wa chai kaniona, kanipa kikombe.

Jumapili, 9 Juni

Nimemweleza Baba Mkubwa maneno ya Mwalimu. Kakasirika, lakini siyo na tovuti. Na Mwalimu.

"Mtu anasalimiwa, anakimbia? Huyo hana adabu, huyo."

Nikamwomba tupunguze majina. Majina machache tu. Kaniangalia kama nimemwambia tuuze kaburi la babu. "Stela. Unataka niingize watu nyumbani kwangu bila salamu?"

Basi. Yameisha. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo ni visafi.

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya.

Nimezificha salamu. Kwenye kompyuta ya ofisini ziko vilevile, hakuna hata nukta iliyosogea. Kwenye simu zimeingia nyuma ya kitufe kimoja kilichoandikwa Salamu, anayezitaka abofye. Picha ya kukata utepe, ambayo peke yake ilikuwa inakula bando la wiki, nimeipunguza uzito. Juu kabisa ziwa, chini yake vyumba, halafu kitufe kikubwa cha kupiga simu ambacho hata kidole cha mvuvi hakiwezi kukikosa.

Mtandao huku bondeni ni wa kubahatisha. Nikapanda mlimani kanisani kurusha mabadiliko, nikajifanya nakwenda kupanga maua altareni. Mungu anisamehe, maua nilipanga kweli.

Ukurasa umefunguka hata mate sijameza. Nimeshuka mlima nakimbia kama mtoto.

Alhamisi, 13 Juni

Simu! Mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga, anataka chumba yeye na mkewe. Mchana kapiga mtu mwingine. Jioni akina mama wa kikundi, wanauliza kama tuna samaki, mbasa wa kuchoma. Tunao, njooni!

Nimecheza peke yangu kwenye chumba cha mashuka. Baba Mkubwa anasema ni maombi ya Padre. Sawa, yawe ya Padre. Mimi naiona Dodoma.

Jumamosi, 15 Juni

Balaa.

Mjomba Matayo kaja kwa bodaboda kutoka Chiwanda. Huyu ni kaka yake Mama Mkubwa, ndiye aliyetoa mbao za paa lote la gesti. Vumbi mwili mzima. Kiti kakataa. Maji kakataa. Kasimama katikati ya uwanja.

"Kumbe nilishakufa, na msiba wangu sikualikwa."

Ana kawaida ya kuwaonyesha wageni wake jina lake kwenye tovuti. Jana kawaonyesha, kwa simu ya mkwewe. Jina hakuna. Wageni wakachekea pembeni.

Baba Mkubwa kamshika mkono hadi ofisini, kawasha kompyuta. Jina hili hapa. Mjomba katoa simu ya mkwe. Hapa halipo. Wakaangalia kompyuta. Wakaangalia simu. Wakaniangalia mimi.

Nimesema ukweli, kwamba salamu ziko nyuma ya kitufe. Mjomba akauliza kama na yeye anikaribishe kwake kwa kunificha nyuma ya mlango. Baba Mkubwa hakunigombeza, na heri angenigombeza. Kasema neno moja tu, kwa sauti ya chini.

"Rudisha."

Jumapili, 16 Juni

Nimerudisha. Mwenyekiti baada ya Diwani, Mjomba kati ya mashemeji wa Chiwanda, kila mtu kwenye kiti chake. Simu imenyamaza.

Nimenaswa. Nawachukia wote, na salamu zao, na vyeo vyao, na utepe wao. Mezani sikuinua uso. Halafu Baba Mkubwa kanibakizia kichwa cha mbasa, kile anachokipenda yeye, kakisukuma kwenye sahani yangu. Nikakila. Nikajichukia na mimi.

Jumatano, 19 Juni

Mjomba karudi kusuluhishwa. Wamekaa sebuleni yeye na Baba Mkubwa, mimi nimepiga magoti mlangoni kama mshitakiwa. Wanazungumza adabu za vijana. Nimesikiliza mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama Mkubwa kaingia na uji. Huyu mama haongei sana. Kaweka vikombe, kanyoosha mkono: "Hebu nipe hiyo simu na mimi niione." Nikamfungulia. Akaanza kusukuma kwa kidole gumba. Kasukuma. Kasukuma. Wazee wanamwangalia. Kasukuma weee.

"Na muda wote huu mgeni kasimama wapi?"

Mjomba kamgeukia Baba Mkubwa.

"Nauliza. Kwetu mtu akifika anapewa mkeka, au kiti. Anakaa. Anapumua. Ndipo anasalimiwa. Nyie mnamsalimia kasimama juani, ukoo mzima, kiti hajapewa. Atakaa? Anaondoka! Hata mimi ningeondoka."

Kachukua kikombe kisichokuwa na mtu, katoka nacho.

Jamani. Miaka yote ya chuo sikuifikiria hiyo. Ndivyo tulivyo kweli: mgeni akisalimiwa amesimama, umemfukuza. Mjomba Matayo kakohoa, kaangalia chini. Baba Mkubwa kaikodolea macho ile simu mpaka uji ukaota ngozi. Kisha kaniuliza, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake, kiti kwenye simu ni kipi.

Nikamwambia: vyumba, bei, na pa kupigia simu.

"Basi mpe kiti. Akishakaa, asalimiwe. Na jina lisipungue hata moja."

Nilitaka kumkumbatia. Kwetu hatukumbatii wazee. Nikasema asante Baba Mkubwa, nikaondoka nikikokota miguu yangu iliyokufa ganzi.

Ijumaa, 21 Juni

Kazi siku nzima, na safi kweli. Kiti juu, salamu chini, na sasa zinasomeka: kila mzee na mstari wake, herufi kubwa. Ile picha ya utepe watu walikuwa wamesongamana kama dagaa wa usipa kwenye kichanja cha kuanikia. Nimeikata vipande, kila kipande kinajaza skrini, nyuso zinaonekana.

Nimejaribu kwenye simu yangu. Nimejaribu kwenye simu ya mkwe wa Mjomba, yenye kioo kilichopasuka. Nimeazima na ya afisa mifugo, ndogo kama kiberiti. Kote inakaa. Haikati maneno, haiyumbi, kitufe kinabofyeka. Mjomba kajisoma, kajisoma tena. "Sasa nimefufuka," kasema, akaomba maji. Kanywa.

Najivunia. Niandike hivyohivyo, najivunia.

Jumanne, 25 Juni

Simu haipoi. Mwalimu Ndunguru anataka kuleta walimu walioikosa safari ya kwanza. Wanunuzi wa kahawa. Maharusi kutoka Mbinga. Nimebandua karatasi ya VYUMBA VIPO getini.

Nimelala vibaya lakini. Simu inayoita ni yangu. Wageni wanataka picha, wanataka waelekezwe barabara, wanauliza kama watoto wanaogelea salama. Kitochi cha Baba Mkubwa hakipokei picha, na yeye mwenyewe hasikii vizuri. Watoto wake wawili wako Dar na hata Krismasi hawaji. Mama Mkubwa anashika simu kama ameshika samaki hai.

Tovuti inaleta watu, ndiyo. Inawaleta mpaka mkononi mwangu na kuwaacha hapo. Hilo sikulipangia.

Ijumaa, 28 Juni

Begi limefungwa. Nimemwandikia Mama Mkubwa kwenye karatasi namna ya kujibu wageni, kwa herufi kubwa. Ataweza. Lazima aweze.

Nimemwendea Baba Mkubwa, nimemwamkia, nimepiga magoti, nimeomba ruhusa. Nimemkumbusha kwa upole kwamba wageni wanakuja sasa. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kanishika kichwa.

"Jumapili nitasema neno."

Neno ni baraka. Ni nini kingine? Nimemwambia Anjela anisubiri Dodoma.

Jumapili, 30 Juni

Baada ya matangazo Padre akampa nafasi. Baba Mkubwa kasimama na koti lake la harusi. Kaanza na itifaki, yote, hakuruka mtu. Kanisa zima tumekaa, kwa hiyo tulisalimiwa vizuri.

Kisha kasema gesti sasa iko mfukoni mwa kila mwenye simu. Kasema macho yake yamechoka. Kasema wanawe wa kiume kawaita na hawakuitika, na aliyeitika ni binti wa marehemu mdogo wake. Kwa hiyo kuanzia leo gesti ni ya Stela. Meneja ni Stela, na akifa yeye, mwenyewe ni Stela.

Vigelegele. Mama Mkubwa kanifunika kanga mpya mabegani. Mjomba Matayo kasimama anapiga makofi, machozi yanamtoka. Baba Mkubwa naye analia. Mtu huyu hatoi kitu kidogo. Kanipa alichonacho chote.

Nikapiga magoti. Nikashukuru. Nilijisikia nikishukuru, sauti nzuri kabisa, ya kufundishwa vizuri. Ningesema nini, mbele ya watu wote wale?

Njiani kurudi kanishika bega. Hajasahau ahadi. Wala hakunidanganya, hilo ndilo linaloniua.

"Nilisema wageni wakija, uende. Sasa mwanangu, uende wapi, na wageni wanakuja?"

Alikuwa na furaha sana.

Jumanne, 2 Julai

Nimempigia Anjela kutoka mlimani. Kauliza, "Kwa hiyo?" Nikamwambia ile nafasi wampe mwingine. Kasema pole, halafu kasema hongera. Zote mbili nimezipokea.

Ziwa limetulia leo. Walimu wa Ruanda wamefika mchana, wako ufukweni wamekunja suruali. Mwalimu Ndunguru kanipungia mkono. Begi nimelifungua, nguo nimezirudisha kwenye sanduku, hazikuchukua muda.

Simu imeita nikiwa naandika hapa. Nimepokea. Nimetaja jina la gesti kwanza, halafu langu, nikamwambia karibu.