Sahihi ya Jumatano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada ili mtoto asitambulike. Klabuni anaitwa Mama Bendeji.
Umri: Miaka 46
Kazi: Mshonaji wa nguo, pia mlezi wa kujitolea wa watoto katika klabu ya hoki ya vijana
Makazi: Nyuma ya duka la vitambaa, mtaa wa pili kutoka uwanjani
Tarehe: Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, kuanzia saa nne na nusu asubuhi

Nimekuja mwenyewe bila kuitwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu afisa ameniuliza mara mbili nani amenituma. Hakuna aliyenituma. Shemeji yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu, angefurahi zaidi ningebaki nyumbani.

Klabu ina watoto sitini, wa miaka minane hadi kumi na sita. Nilianza kwenda pale binti yangu alipokuwa akicheza. Yeye aliacha, mimi nikabaki na mkoba wa dawa, ndipo watoto wakaniita Mama Bendeji. Miaka miwili iliyopita nilipelekwa semina ya siku mbili ya ulinzi wa watoto. Nilirudi na cheti nikakitundika juu ya cherehani, nikajiona mtu. Tangu hapo mtoto akiumia, akionewa au akiwa na jambo la kusema, mtu wake ni mimi.

Kwenye mlango wa stoo ya vifaa imebandikwa kanuni kwamba hakuna mazoezi ya watoto bila watu wazima wawili uwanjani. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni. Watu hao wawili huweka sahihi kwenye daftari la zamu. Wa kwanza ni kocha. Wa pili ni mimi.

Tangu mwezi wa pili nimekuwa nikiweka sahihi zote tatu siku ya Jumatatu. Sare za shule zilikuwa zimenizidi. Kocha aliniambia, "Dada, usijitese bure. Saini za wiki nzima leo, nikikwama nitakupigia." Nilimshukuru sana. Jumatano nyingi sikwenda, na Ijumaa kadhaa pia. Daftari linasema nilikwenda zote.

Mnamo Jumanne tarehe 10, saa tisa alasiri, alikuja dukani kwangu kipa wa wasichana. Ana miaka kumi na tatu na anaishi na bibi yake. Wenzake humwita Ukuta, kwa kuwa kumfunga ni kazi. Alileta kofia ya kipa, ile moja tu waliyo nayo wasichana, ngumu yenye vyuma mbele ya uso. Mkanda wa kidevuni ulikuwa umekatika. Niliutia gundi nikaushona, kisha nikaukunja na kuushikiza kwenye kofia kwa uzi mweupe ili gundi ikauke vizuri. Nikamwambia, "Kesho kabla ya kuvaa, uvute huu uzi. Usipoutoa, kofia haiingii kichwani."

Alisimama mlangoni. Akauliza, "Mama Bendeji, kesho utakuwepo?"

Nikamjibu kwamba nitakuwepo.

Akasema, "Ukiwepo huwa navaa kofia."

Nikacheka. Nikamuuliza, "Na nisipokuwepo unavaa nini, kilemba?" Akacheka kidogo kwa adabu. Hapo mteja akaingia kupima gauni, nikageuka. Nilipoangalia tena mlangoni, mtoto alikuwa ameshaondoka kuirudisha kofia stoo. Semina yote ya siku mbili ilikuwa ya kunifundisha kusikia sentensi kama ile, na mimi niliitilia mzaha.

Mnamo Jumatano tarehe 11 nilikuwa kwenye cherehani na sketi thelathini za kumalizia. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni mlinzi wa uwanja alinipigia simu. Alisema, "Uko upande gani, Mama Bendeji? Mtoto ameumia, nakutafuta sikuoni, na daftari linasema uko hapa." Nikamwambia niko dukani. Akasema, "Basi njoo."

Nilifika saa kumi na moja na nusu. Ukuta alikuwa amelala chali golini. Alikuwa na pedi miguuni na glavu mikononi. Kichwani hakuwa na kitu. Jicho la kushoto halikuonekana kwa damu. Kocha alikuwa amepiga magoti kando yake, akaniambia, "Alivua kofia mwenyewe, eti joto. Umeona, sivyo?" Nilifungua pakiti ya shashi nikalifunika lile jicho. Mtoto alinitazama kwa jicho lililobaki, akasema, "Umekuja."

Gari la wagonjwa liliondoka saa kumi na moja na dakika hamsini, kocha akiwa ndani. Nilibaki na wasichana waliokuwa wamekaa chini. Nilimuuliza mkubwa wao kilichotokea. Alisema kipa akifungwa mabao matatu kwenye mechi, mazoezi yanayofuata anasimama golini bila kofia, na wao wanaamriwa wapige kweli. Asiyepiga kweli, anaambiwa ndiye atakayefuata kusimama. Nikamuuliza adhabu hiyo imeanza lini. Akajibu, "Tangu ulipoacha kuja." Sijui nani alipiga mpira ule na sikuuliza, na ninaomba mtakapowahoji msiwaulize kwa ukali.

Stoo ilikuwa imefungwa. Mlinzi ana ufunguo wa akiba, akanifungulia. Kofia ilikuwa kwenye msumari wake, na uzi wangu mweupe ulikuwa umeushika mkanda vilevile nilivyouacha Jumanne. Ushonaji wangu naujua. Kofia ile haikuvaliwa siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeivua. Sikuigusa. Nilimwita mlinzi aione, naye akaiona. Askari walipofika saa kumi na mbili na nusu waliichukua pamoja na daftari la zamu.

Mnamo Alhamisi tarehe 12, saa tatu asubuhi, nilikwenda hospitali. Daktari alimweleza bibi wa mtoto mbele yangu kwamba jicho la kushoto halitaona tena. Baadaye bibi alinishika mikono yote miwili kwenye korido. Alisema, "Asante mwanangu. Mwenyekiti ameniambia ulikuwa naye palepale tangu mwanzo. Angalau mjukuu wangu hakuwa peke yake." Nilimwambia pole, mama. Sikumwambia lingine. Nilikuwa na nafasi ya kusema nikaimeza.

Siku hiyohiyo saa kumi jioni shemeji alikuja dukani. Alikataa kukaa. Aliniambia, "Sahihi yako ipo. Wewe shikilia ulichokisaini, basi. Yule kocha ametuletea makombe mawili."

Nikamuuliza, "Na jicho?"

Akasema jicho halitarudi kwa sababu ya mimi kujitia kitanzi, kwamba mlezi ni mimi na wa kwanza kufungwa nitakuwa mimi. Alipokuwa anatoka aliniita dada, jina ambalo haniiti kamwe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Kama mnahitaji ushahidi kwamba sahihi ile ni ya uongo, fungueni daftari kwenye tarehe 13, Ijumaa ya jana. Jana hapakuwa na mazoezi, uwanja mliufunga nyinyi wenyewe. Lakini mtaona nilikuwepo.

Sikuwa uwanjani Jumatano. Kocha alikuwa peke yake na watoto ishirini na mmoja, na sahihi yangu ilimfanya aonekane hayuko peke yake. Sikuinua fimbo wala sikupiga mpira. Ila mtoto aliniambia, na kwa kinywa changu nilimuahidi nitakuwepo.

Afisa ameniomba niweke sahihi chini ya ukurasa wa tatu kabla haujajazwa, kwa kuwa ana mashahidi wengine wanaosubiri nje. Nimekataa, na ninaomba hilo nalo liandikwe. Nitakaa kwenye benchi hadi amalize.

Niliyoyaona ni hayo, na nimesema pia ambako sikuwepo.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi kwa sauti. Amesahihisha sehemu mbili. Ukurasa wa tatu umesainiwa baada ya kujazwa, saa saba na dakika tano mchana. Nimekagua daftari la zamu, ambalo liko kituoni tangu tarehe 11. Sahihi ya shahidi ya tarehe 13 imo. Shahidi ameelezwa kwamba anaweza kuhojiwa tena kama mtuhumiwa. Amesema ameelewa, na kwamba akitafutwa yuko hospitali, kwa kuwa bibi wa mtoto bado anamshukuru.