Kichwa Kilichokosekana Sahanini

Somosomo, Taveuni

Kwako kaka yangu Isireli,

Bula! Hujambo huko Lautoka? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, lakini kwenye shamba la magimbi bado hatumfikii.

Nina habari kubwa. Yule popo wetu wa kileleni, mwenye macho mekundu, kumbe hana ndugu popote. Miaka yote wataalamu walimweka ukoo mmoja na popo wa Visiwa vya Solomon. Mimi nikasema sivyo. Mkubwa mmoja wa makumbusho pale Suva aliniuliza meno ya popo nimeyasomea wapi, nikamjibu kwamba nimeyasomea jikoni kwa mama. Walicheka, kisha wakapima. Fuvu nililowapelekea lina meno ambayo wale wa Solomon hawana hata kwa dawa. Sasa popo wetu amepewa ukoo wake peke yake, na jina langu limo kwenye karatasi yao ya kitaalamu. Nisipojisifu mimi, atanisifu nani?

Wameniuliza fuvu nililipata wapi. Kaka, keti kwanza. Unaikumbuka karamu ya Baba Mkubwa Apenisa, popo aliyepikwa kwa tui alipofika mbele yake hana kichwa? Kichwa ni cha mkubwa. Kumpakulia bila kichwa ni kumvua nguo mbele ya watu. Wewe ndiye uliyebeba sahani. Alikuita mlafi asiye na adabu, ukaondoka, na huu ni mwaka wa tisa hamsemezani.

Ni mimi. Niliyaona yale meno jikoni, nikayatamani, nikakificha kichwa kwenye kopo la chai. Ulipotukanwa nikanyamaza. Naona haya hata kuandika.

Jumapili nilimpelekea Baba Mkubwa jino la nyangumi la kuombea radhi, kazi ya wanaume, najua, nikapiga magoti nikasema yote. Akauliza, "Yaani kichwa changu kiko Suva kwenye kabati la kioo, na wasomi wanakiinamia?" Nikasema ndiyo. "Basi hao wana adabu kuliko nyie!" Akacheka, halafu akalia. Akasema nikuandikie kwamba yeye ndiye aliyekosa, kwa kumtukana mwanawe bila kuuliza.

Jino analokuombea radhi yeye nimelifunga ndani ya mkeka uliokuja na barua hii. Ukilipokea, umemsamehe. La kwangu sikulitia humo. Nitakuja nalo mwenyewe Ijumaa, nipige magoti mlangoni kwako, na ukitaka kulikataa, ulikatae ukinitazama usoni.

Nisalimie wifi, na watoto wote kwa majina yao.

Mdogo wako,
Makereta