Ya Ishirini na Nane, Kama Yako

Shikamoo Babu,

Nakuandikia kutoka Temeke, nimekaa nje ya duka la baiskeli na mvua imekatika sasa hivi. Leo Mjomba amenileta nichague baiskeli ya kuendea shule. Nilipoomba yenye magurudumu ya inchi ishirini na nane kama yako, muuzaji alicheka.

"Mdogo wangu, hiyo utaipandia ngazi! Chukua ishirini na sita."

Nikaijaribu. Ni nyepesi, na miguu yote miwili inakanyaga chini. Mjomba akasema, "Basi, tumemaliza."

Lakini mimi nilifikiria safari yetu ya Newala wakati wa likizo. Ukipata pancha porini, tyubu yangu haitakufaa, wala yako haitanifaa. Nikamweleza Mjomba hivyo. Akamwambia muuzaji ashushe kiti cha ile kubwa mpaka mwisho. Nilipokaa, vidole tu ndivyo vilivyogusa chini.

"Ataanguka huyu," muuzaji akasema.

"Ataanguka wiki ya kwanza tu," Mjomba akajibu. "Tufungie hiyo."

Babu, beba tyubu moja tu. Pampu nitabeba mimi. Msalimie Bibi, na Mungu akutunzie magoti.

Mjukuu wako,
Salima