Nafasi Uliyonitunzia Kando ya Mama

Ufukoni, Mtwara

Mdogo wangu mpendwa Aikande,

Pokea salamu za kaka yako kutoka huku kusini. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Machame? Na migomba? Mimi nimechakaa. Daktari siku hizi ananiambia tu nile ninachokipenda, hanitajii tena dawa. Nimemwelewa.

Barua yako imenikumbusha somo moja. Nilipokuwa nikiwafundisha Kiingereza makuli wa bandarini, niliandika ubaoni neno keep. Nikawaeleza kwamba kwa neno hilo moja Mwingereza hufuga kuku, hutunza akiba, hutimiza ahadi, hukaa kimya, na humzuia mtu asiondoke. Mzee mmoja wa Msimbati akauliza, "Sasa mwalimu, akimwambia mkewe neno hilo, mama wa watu atajuaje kama yeye ni ahadi au ni kuku?" Darasa zima likacheka. Nilipomsimulia wifi yako Anastazia, alikuwa akimenya mihogo, wala hakuinua uso. "Mimi nipe yote, mwalimu. Ila lile la kuku waachie kuku."

Nawe umeniandikia kwamba bado umenitunzia nafasi kihambani, katika ardhi ya ukoo wetu, kando ya mama, na humruhusu mtu apande hapo hata mgomba. Nililia, Aikande. Ahadi ya kurudi niliitoa mwenyewe, mama akisikia. Ningeweza kusingizia masika, kwamba barabara haipitiki na maiti haitafika. Nisikudanganye. Hata ingekuwa kavu, nataka kuzikwa huku, ubavuni mwa Anastazia. Mmakonde yule alinipokea nikiwa mgeni nisiyejua hata kula mizizi yao ya ming'oko, na tangu afariki sijaweza kuanza siku bila kwenda kumwamkia.

Humu bahashani nimetia jani la sale. Limetoka kwenye mche niliokuja nao kutoka kwetu, ambao sasa umeota kaburini kwake. Unajua jani hili likitumwa huombwa nini, na kwamba kwetu halikataliwi. Nisamehe, mdogo wangu.

Nisalimie shemeji, na binti yako anayekusomea barua hizi. Shangazi naye, kama bado anasikia, mwambie namkumbuka.

Ile nafasi sasa panda mgomba. Mgomba huo ukichelewa kuzaa, ukemee kama ulivyozoea kunikemea mimi kwa kuchelewa kurudi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda,
Ndelilio